Petra: Nusu Karne ya Bendi ya Mwamba, 1972–2022

Petra ilianza mwaka 1972 katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana, Marekani, ikiwa na vijana wanne. Bob Hartman na Greg Hough walipiga magitaa, John DeGroff alipiga besi, na Bill Glover alikalia dramu. Mahali palipowakutanisha palikuwa Christian Training Center, chuo kidogo cha kufundisha vijana Neno. Hawakuwa na kampuni ya kurekodi wala mfadhili, na hakuna ushahidi kwamba walidhani jina lao lingetajwa miaka 50 baadaye.

Petra ni neno la Kigiriki lenye maana ya mwamba. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua kupitia Petro, yule mvuvi aliyepewa jina jipya na ambaye habari yake imo katika Mathayo 16. Kwa Kiingereza jambo hili lina utamu wa ziada, kwa sababu neno moja hubeba mwamba na hubeba pia muziki wa roki. Mwimbaji Larry Norman alikwisha kulichezea mwaka 1969 alipotoa *Upon This Rock*, albamu ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya roki ya Kikristo. Vijana wa Fort Wayne walipita njia hiyohiyo, ila wao wakalirudisha neno kwenye Kigiriki chake.

Hitaji lililoizaa, 1972–1973

Mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa miaka ya 70, uamsho mkubwa uliwapitia vijana wa Marekani. Waliookoka wakati huo wengi walikuwa na nywele ndefu na masikio yaliyozoea magitaa ya umeme. Waliingia makanisani wakakuta ogani na vitabu vya tenzi. Si kwamba tenzi zilikuwa mbaya, bali hazikuwa lugha yao. Nje ya kanisa kulikuwa na muziki waliouelewa, lakini maneno yake yaliwarudisha kulekule walikotoka.

Petra ilizaliwa kwenye pengo hilo. Fort Wayne palikuwa na mkahawa wa Kikristo ulioitwa Adam's Apple, mahali ambapo kijana angeweza kuingia na viatu vyake vya vumbi, akanywa kahawa, akasikia muziki na ushuhuda. Mwimbaji Honeytree alitokea hapo, na Petra nayo ilipata hapo jukwaa lake la mwanzo. Nia ilikuwa moja tu: kuipeleka Injili kwa kijana ambaye asingekanyaga ibada ya Jumapili, na kuipeleka kwa sauti ambayo angeisikiliza hata kama asingeambiwa.

Mwanzoni Hartman alikuwa miongoni mwa waimbaji. Jambo hilo likumbukwe, maana linabeba sehemu kubwa ya historia inayofuata.

Miaka ya kubisha hodi, 1974–1980

Billy Ray Hearn, aliyeanzisha kampuni ya kurekodi ya Myrrh, aliwasikia akaamua kujaribu bahati. Albamu ya kwanza, *Petra*, ilitoka mwaka 1974. Ina magitaa mawili yanayojibizana kama roki ya Kusini mwa Marekani, ina vionjo vya kantri, na ina wimbo wa utani uitwao "Lucas McGraw". Ukiisikiliza leo utasikia vijana wanaojua wanachotaka kusema kuliko wanavyojua kukirekodi.

Shida haikuwa studio tu. Muziki wa Kikristo uliuzwa kwenye maduka ya vitabu vya dini, na wenye maduka waliogopa kuweka rafuni kitu chenye gitaa la kunguruma. Maduka ya kawaida ya muziki nayo hayakuwa na haja ya albamu inayohubiri. Bendi ikawa katikati, kila upande ukidhani ni mali ya upande wa pili.

Albamu ya pili, *Come and Join Us*, ilichelewa hadi 1977. Imebaki kwenye kumbukumbu kwa sababu mbili. Kwanza, ilichukua wimbo wa bendi ya Uingereza ya Argent, "God Gave Rock and Roll to You", ulioandikwa na Russ Ballard. Petra ingeurekodi tena mwaka 1984, na miaka saba baada ya hapo bendi ya Kiss ikaurekodi kwa namna yake. Pili, kati ya waimbaji waalikwa alikuwamo Greg X. Volz, kijana wa Illinois aliyekuwa katika bendi ya Kikristo iliyojulikana kama "e". Volz alikuwa na sauti ya juu, safi, isiyohangaika hata inapopanda. Bendi ya REO Speedwagon ilikwisha kumtaka, naye akachagua upande huu.

Albamu hiyo haikuuzwa vizuri, na Myrrh wakaachana nao. Bendi nyingi huishia hapo. Mwaka 1979 kampuni changa ya Star Song ilitoa *Washes Whiter Than*, waimbaji wakiwa Volz na Rob Frazier. Wimbo "Why Should the Father Bother?" ukapata nafasi kwenye redio za Kikristo, na kwa mara ya kwanza wasikilizaji wengi wakalijua jina la Petra. Lakini wimbo wa polepole kushika redio hakukulipa pango la nyumba. Hough, DeGroff na Glover walikuwa wameondoka, na Frazier naye hakukaa. Kufika 1980 Petra ilikuwa watu wawili: Hartman mwenye nyimbo, na Volz mwenye sauti.

Hapo ndipo mwanzilishi alipofanya uamuzi ambao kwa maoni yangu ndio uliookoa taasisi. Alimwachia Volz maikrofoni. Aliyewahi kukaa kwenye kwaya anajua uzito wa jambo hilo. Mwenye kuianzisha kwaya ndiye huwa wa mwisho kukubali kwamba kuna anayeimba kumzidi.

Sauti ya Volz, 1981–1985

*Never Say Die* ilitoka mwaka 1981, mtayarishaji akiwa Jonathan David Brown. Kwa bahati ya aina yake, bendi iliyosemwa vibaya kwa kelele iliinuliwa na wimbo mtulivu kuliko zote, "The Coloring Song", ulioandikwa na Dave Eden, mwenzake Volz wa zamani. Ni wimbo wa rangi, kila rangi ikiwa na fundisho lake, na mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kuufuata. Redio zilizokuwa zimeifungia Petra mlango zikaufungua. Waliokwenda tamashani kwa ajili ya wimbo huo wakakuta na magitaa yamo, na wengi hawakutoka nje.

Albamu hiyohiyo ina "For Annie", wimbo wa Hartman kuhusu msichana anayejiua wakati wanaomzunguka hawakuona dalili. Kuzungumza jambo hilo kanisani mwaka 1981 hakukuwa kwepesi. Nautaja kwa sababu unaonyesha Petra ilijiona kuwa nini: watu wa huduma ya vijana waliobeba magitaa, kabla ya kuwa wanamuziki waliobeba Biblia.

Safu mpya ikakamilika. Mark Kelly alishika besi, John Slick kinanda, na Louie Weaver akaja na dramu ambazo angezipiga kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1984 John Lawry alichukua nafasi ya Slick. Albamu zikafuatana kila mwaka: *More Power to Ya* (1982), *Not of This World* (1983), *Beat the System* (1984). Majalada ya kipindi hiki yalichora gitaa lililogeuzwa chombo cha kusafiria, na kwa vijana wengi picha hizo zilikuwa sababu ya kutosha ya kununua.

Kadiri bendi ilivyokua ndivyo upinzani ulivyopata nguvu. Miaka hiyo kulikuwa na hofu kwamba bendi za roki huficha ujumbe wa kishetani ndani ya santuri, ujumbe unaosikika ukiirudisha nyuma. Petra ilijibu kwa mzaha. Mwanzo wa wimbo "Judas' Kiss" waliweka maneno yaliyorudishwa nyuma kwa makusudi. Aliyejisumbua kuyageuza alikuta anakaripiwa kwa kumtafuta shetani kwa bidii ambayo hakuiweka katika kumtafuta Mungu. Kwenye *Beat the System* walikuja na "Witch Hunt", wimbo unaowatania watu wa kanisani wanaotoka na mienge kuwinda wachawi katikati ya ndugu zao. Mhubiri wa televisheni Jimmy Swaggart aliishambulia roki ya Kikristo hadharani na akaitungia kitabu mwaka 1987. Bendi haikugombana naye kwenye magazeti. Iliendelea na ziara.

Kuhusu *Beat the System* yenyewe nitasema langu: vinanda vya kielektroniki vimezidi pale, na baadhi ya nyimbo zimezeeka pamoja na mashine zake. Lakini hapo ndipo Petra ilipokuwa inajaza kumbi kubwa, kwa hiyo huenda waliokuwa ukumbini walisikia nisichokisikia mimi.

Albamu ya moja kwa moja, *Captured in Time and Space*, ilitoka mwaka 1986 ikiwa kumbukumbu ya safu hiyo. Volz alikuwa amekwisha kuamua kwenda kuimba peke yake.

Mhandisi wa migodi, 1986–1994

Waliodhani Petra ni Volz walitegemea mwisho. Hartman alimpigia simu mtu ambaye hakuwa ameimba jukwaani kwa miaka kadhaa.

John Schlitt alikuwa mwimbaji wa Head East, bendi ya Illinois iliyovuma mwaka 1975 kwa "Never Been Any Reason". Mwaka 1980 ulevi na kokeni vilimtoa kwenye bendi hiyo. Aliokoka, akarudi kwenye taaluma aliyosomea Chuo Kikuu cha Illinois, akawa mhandisi katika shughuli za migodi. Sauti aliiweka kando. Petra ilipomwita alikuwa na kazi ya ofisini na familia ya kulisha. Mwezi Februari 1986 alisimama na Petra kwa mara ya kwanza jukwaani, nako kulikuwa Australia, mbali na kila aliyemfahamu.

Tofauti ilikuwa dhahiri. Volz aliimba kama anayepaa, na Schlitt kama anayevunja mlango. Nyimbo za Hartman zikabadilika zifuate sauti hiyo, na magitaa yakaja mbele. Hii ndiyo Petra ambayo mashabiki wa roki nzito yenye melodi huitaja kwanza: korasi kubwa za kuimbwa na ukumbi mzima, sauti za nyuma zilizopangwa kwa tabaka, dramu nzito na gitaa kali lisiloacha melodi ipotee.

Upande wa studio walikuja ndugu wawili, John na Dino Elefante. John alikuwa ameiimbia bendi ya Kansas mwanzoni mwa miaka ya 80. Kwa hiyo ndani ya chumba kimoja alikaa aliyekuwa Head East, aliyekuwa Kansas, na mwanzilishi wa Fort Wayne. Petra haikuanzishwa kuwa kundi la mastaa waliokusanyika kutoka bendi kubwa, lakini kufika hapo ilikuwa imefanana nalo sana. Tofauti ni kwamba kundi la mastaa kwa kawaida hutoa albamu moja au mbili kisha kila mmoja anarudi kwake. Hawa walifanya kazi mfululizo.

*Back to the Street* (1986) ilikuwa ya kujaribu maji. *This Means War!* (1987) na *On Fire!* (1988) zikaja na lugha ya vita vya kiroho, askari na silaha za Waefeso 6. Ronny Cates alichukua besi baada ya Kelly. Mwaka 1989 bendi ikafanya jambo lisilotarajiwa, *Petra Praise: The Rock Cries Out*, albamu nzima ya nyimbo za kusifu na kuabudu, zile ambazo sisi tungeziita mapambio, zikapigwa kwa magitaa. Kichwa chake kinachezea Luka 19, pale panaposemwa kwamba mawe yatapaza sauti watu wakinyamaza. Albamu hiyo iliingia makanisani kwa mlango wa mbele. Vikundi vya vijana vilizichukua nyimbo hizo zikawa za ibada, na wazee waliokataza roki wakajikuta wakipiga makofi. Miaka mingi baadaye muziki wa kusifu wenye bendi kamili ungeenea kila mahali, na Petra walikuwa mbele katika njia hiyo.

Kisha ikaja *Beyond Belief*, mwaka 1990. Ukiniuliza albamu moja ya kumpa mtu asiyeijua Petra, nitampa hii bila kusita. Kila kitu kimekaa mahali pake: wimbo wenye jina la albamu unaofungua kwa nguvu, "I Am on the Rock" unaolirudia jina la bendi kwa ucheshi, "Creed" unaoichukua imani ya mitume na kuipa mdundo wa maandamano, na "Love" unaotuliza baada ya vishindo. Iliipatia Petra tuzo yake ya kwanza ya Grammy mwaka 1991. Ilifikia pia hadhi ya dhahabu, ambayo Marekani maana yake ni nakala 500,000, na *Petra Praise* nayo ilifika hapo. Kwa bendi ambayo miaka 15 kabla ilikosa rafu ya kuwekwa dukani, hesabu hiyo inajieleza.

*Unseen Power* (1991) ilileta Grammy ya pili. *Wake-Up Call* (1993), safari hii mtayarishaji akiwa Brown Bannister, ilileta ya tatu. Mwaka 1992 walikuwa wamerekodi *Petra en Alabanza*, nyimbo za kusifu kwa Kihispania, kwa ajili ya wasikilizaji wa Amerika ya Kusini, ambako bendi ilipendwa kuliko Wamarekani wengi walivyojua.

Kuingia na kutoka, 1995–2005

Lawry aliondoka 1994, Cates mwaka uliofuata. Baada ya *No Doubt* (1995) Hartman mwenyewe aliacha ziara. Hakuiacha bendi: aliendelea kuandika nyimbo na kusaidia studio, huku gitaa lake jukwaani likishikwa na wengine. Kwa mara ya pili mwanzilishi alisogea pembeni, na kwa mara ya pili nyumba haikuanguka.

Sitasema miaka hii ilikuwa ya neema kama ile iliyotangulia. Ladha ya vijana ilikuwa imehama, wapiga gitaa, besi na kinanda walibadilika mara kwa mara, na Schlitt pamoja na Weaver ndio waliobeba sura ya bendi. Zilitoka *Petra Praise 2: We Need Jesus* (1997) na *God Fixation* (1998). *Double Take* (2000), iliyorudia nyimbo za zamani kwa ala tulivu zaidi, ilipata Grammy ya nne. Mwaka huohuo wa 2000 Petra iliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Injili, ikiwa bendi ya kwanza ya roki kupewa nafasi hiyo.

Hartman alirejea mwaka 2001 na *Revival*, albamu ya kusifu. Weaver aliondoka 2003. Mwaka huo walitoa *Jekyll & Hyde*, iliyotayarishwa na Peter Furler wa bendi ya Newsboys. Kinanda kiliwekwa kando na gitaa likarudi kwa ukali ambao haukusikika tangu zamani, kana kwamba Hartman na Schlitt walikuwa na deni la kulipa kabla ya kufunga duka.

Walifunga kwa utaratibu. Tamasha la kuaga lilirekodiwa Franklin, Tennessee, Oktoba 2005, likatolewa kwa jina *Petra Farewell*. La mwisho kabisa lilifanyika mkesha wa mwaka mpya huko Murphy, North Carolina. Lilianza 2005 likaisha 2006.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1972 | Petra yaanzishwa Fort Wayne, Indiana |
| 1974 | Albamu ya kwanza, *Petra*, chini ya Myrrh |
| 1977 | *Come and Join Us*, Greg X. Volz aalikwa kuimba |
| 1979 | *Washes Whiter Than*. Kazi na Star Song yaanza |
| 1981 | *Never Say Die*. Louie Weaver ajiunga |
| 1986 | Volz aondoka, John Schlitt aingia. *Back to the Street* |
| 1989 | *Petra Praise: The Rock Cries Out* |
| 1990 | *Beyond Belief* |
| 1991 | Grammy ya kwanza |
| 1993 | Grammy ya pili, kwa *Unseen Power* |
| 1995 | Grammy ya tatu, kwa *Wake-Up Call*. Hartman aacha ziara |
| 2000 | Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Injili |
| 2001 | Grammy ya nne, kwa *Double Take*; Hartman arejea |
| 2003 | *Jekyll & Hyde* |
| 2005 | Ziara ya kuaga |
| 2010 | Safu ya Classic Petra. *Back to the Rock* |
| 2013 | Albamu ya miaka 40 |
| 2022 | Miaka 50 |

Pamoja na Grammy hizo nne kuna tuzo 10 za Dove, ambazo ndizo tuzo za ndani za muziki wa Injili Marekani.

Baada ya Murphy

Kuaga hakukudumu. Mwaka 2010 Hartman, Volz, Kelly, Lawry na Weaver walikutana tena kwa jina la Classic Petra, wakarekodi upya nyimbo za enzi ya Volz katika *Back to the Rock*. Miaka mitatu baadaye ikatoka albamu ya kuadhimisha miaka 40, safari hii Schlitt akiwa kwenye maikrofoni. Mashabiki wameendelea kubishana nani kati ya waimbaji hao wawili ndiye sauti ya kweli ya Petra, na mjadala huo hauna dalili ya kuisha.

Hartman hajaonekana kuusumbukia. Kati ya wanne wa mwaka 1972 ni yeye aliyepita kwenye kila kipindi, na katika safu zote mbili hizo kazi yake ilikuwa ileile, gitaa na kalamu. Maikrofoni ya katikati ilikuwa ya mwingine.